Kuchagua shokapu, springi na stabilaiza za gari la spoti kwa barabara za Mbeya na Iringa

Ukitoka Ruaha Mbuyuni, barabara kuu ya TANZAM inapanda Kitonga kwa kona za kubana, inapita Ilula na Iringa, inanyooka hadi Mafinga na Makambako, halafu baada ya Chimala na Igurusi inakupandisha Mlima Nyoka kabla hujaiona Uyole. Vijiji vina rasta na matuta yake. Malori ya Tunduma yameibonyeza lami mahali pengi, ikabaki na mifereji miwili inayovuta usukani. Ukiiacha barabara kuu kuna Uyole hadi Tukuyu yenye kona na mvua, kuna Mbeya kwenda Chunya inayopita zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kuna Nyang'oro ukitoka Iringa kwenda Dodoma, na kuna ule mtaa wako ambao lami haijaufikia.

Mwongozo huu ni wa mwenye Impreza WRX au STI, Forester ya tabo, Altezza, Mark X, Crown Athlete, Golf GTI au gari lingine lenye nguvu, anayetaka likate kona vizuri bila kugeuka mateso kwa abiria. Msimamo wangu nausema mapema: huku kwetu fedha kubwa iende kwenye shokapu, kimo kibaki karibu na cha kiwandani, na nafasi ya tairi kupanda na kushuka ilindwe kuliko kitu kingine chochote. Gari lililoshushwa linapendeza likiwa limeegeshwa Kabwe. Kwenye kona ya Kitonga yenye lami iliyovimba linaruka, na tairi likiwa hewani halikati kona.

Hatua ya 1: Chagua kwa barabara mbaya unayoipita kila siku

Chukua karatasi. Andika barabara unazopita kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, nani anakaa ndani, na mzigo gani unabeba. Wengi wanachagua vifaa kwa kufikiria ile safari moja ya Tukuyu ya mwisho wa mwezi, wakasahau kwamba kila asubuhi na jioni gari linapanda njia ya mawe kwenda nyumbani. Ile njia ya mawe ndiyo inayotoa uamuzi.

Abiria nao ni uzito. Gari linaloendeshwa na mtu mmoja halikai sawa na lile linalobeba watu wanne na gunia la viazi kwenye buti kutoka Njombe. Kama wewe ni wa kundi la pili, springi za nyuma fupi zifute kabisa kwenye orodha.

Hatua ya 2: Kagua kilichopo kabla ya kununua chochote

Gari la Japani lenye miaka 15 au 20 likionekana halina utulivu, mara nyingi halihitaji kuboreshwa. Linahitaji kurudishwa lilivyokuwa. Shokapu mpya ya bei mbaya haitatibu bushi iliyokatika.

Pandisha gari kwenye stendi imara, kamwe usilitegemee kwenye jeki peke yake, kisha anza upande mmoja. Angalia kama shokapu inavuja: unyevunyevu mwembamba juu ya mwili wake unavumilika, lakini mafuta yanayoteremka hadi chini yamemaliza mjadala. Ingiza mtaimbo kati ya amu ya chini na bodi, usukume taratibu uone bushi inavyocheza. Raba iliyochanika itajionyesha. Shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia, ili upate habari za bolijointi, bearingi na tairodi. Linki za stabilaiza, kile chuma kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari lisiiname sana kwenye kona, ndizo zinazogonga kokoko kwenye rasta ndogo, na ni za bei nafuu. Zibadilishe kabla ya kulaumu shokapu.

Mauntingi za juu za shokapu zinasahaulika sana. Mtu mmoja azungushe usukani gari likiwa limesimama chini, mwingine aweke mkono juu ya springi ya mbele. Kama springi inaruka kwa mikupuo badala ya kuzunguka taratibu, bearingi ya mauntingi imekwisha.

Lile jaribio la kukandamiza boneti na kuhesabu gari linaruka mara ngapi linakamata shokapu iliyokufa tu. Iliyochoka nusu inapita bila shida. Matairi yanasema zaidi: tairi lenye mabonde na vilima kuzunguka mzingo wake limekuwa likidunda kwa shokapu dhaifu, na lililoliwa upande wa ndani linalalamikia alaimenti (mpangilio wa pembe za tairi) au bushi.

Wenye Forester za chasisi ya SG, angalizo. Baadhi zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe kulingana na mzigo. Zikichoka, gari linakaa limeinamia nyuma. Ukiweka shokapu za kawaida, badilisha na springi zake, kwa sababu springi za mfumo ule zilikuwa laini na zilitegemea msaada wa shokapu.

Mwisho, gari likiwa kwenye sakafu tambarare na upepo wa matairi ukiwa sahihi, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Namba hizo utazihitaji tena na tena.

Hatua ya 3: Matairi na breki vitangulie

Hapa nitakuwa mfupi. Shokapu kazi yake ni kulikandamiza tairi barabarani. Tairi likiwa gumu la mtumba, hakuna cha kukandamiza. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa rimu za inchi 17, usishuke chini ya ukuta wa 45 (ile namba ya pili kwenye kipimo cha tairi) kama unapita mashimo. Rimu zilizopinda zinakula fedha ya shokapu. Mafuta ya breki ya DOT 4 yanafyonza unyevu, hivyo badilisha kila baada ya miaka miwili, na ushuke Kitonga kwa gia ndogo. Gari linalokata kona vizuri linakushawishi uende kasi, kwa hiyo breki ziwe tayari kabla ya ushawishi huo.

Hatua ya 4: Pima nafasi uliyonayo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nami naiona kubwa kuliko zote.

Kila shokapu ina urefu ambao rodi inaweza kuingia kabla haijagusa ile stopa ya raba, na urefu ambao inaweza kutoka. Tairi likipanda tuta, rodi inaingia. Likitumbukia shimoni, inatoka. Fanya hivi: funga kamba nyembamba ya plastiki, zile za kubania nyaya, kwenye rodi ya shokapu, uisukume hadi iguse mwili wa shokapu. Kama rodi imefunikwa na buti la vumbi, liinue kwanza. Kwa shokapu iliyosimama kawaida, kila inapobonyea kamba inasukumwa juu na kubaki pale ilipofika. Endesha njia yako ya kila siku, na abiria wako wa kila siku, kisha pima kati ya kamba na stopa. Umeshajua nafasi iliyobaki.

Tuseme gari likiwa limesimama lina milimita 70 kabla ya kugusa stopa, na kwenye njia yako linatumia 55. Ukiweka springi zinazoshusha milimita 40, unabaki na 30. Kila tuta sasa litaishia kwenye raba, raba inapobanwa inakuwa ngumu ghafla, na ugumu huo ukija katikati ya kona tairi la upande ule linapoteza mshiko. Wengi huita hali hiyo "gari gumu la spoti". Ni gari lililoishiwa nafasi.

Dawa ya kawaida ni springi ngumu zaidi, na hapo zinaingia hesabu. Chukua kona moja ya gari inayobeba kilo 350. Springi ya kilo 3 kwa milimita, kwa vipimo vya Kijapani, itabonyea milimita 117 hivi kwa uzito huo. Ya kilo 6 itabonyea 58. Gawa 15.8 kwa kipeuo cha pili cha milimita hizo, utapata mara ambazo gari lingedunda kwa sekunde: 1.46 kwa ya kwanza, 2.07 kwa ya pili. Magari ya kawaida yako kati ya 1 na 1.5. Gari la spoti la barabarani linakaa vizuri kwenye 1.6 hadi 1.9. Ukivuka 2 umeshaingia kwenye magari ya uwanja wa mbio wenye lami laini, na sisi uwanja huo hatuna hapa.

Hesabu hiyo inafanya kazi moja kwa moja kwa Impreza za chasisi ya GDA na GDB, ambazo springi imezunguka shokapu mbele na nyuma na inakwenda karibu sawa na tairi. Altezza ina amu mbili juu na chini, na springi inakaa ndani zaidi. Tairi likipanda milimita 10 na springi ikabonyea 7, nguvu inayofika kwenye tairi ni 0.7 mara 0.7, yaani karibu nusu. Springi ya kilo 6 hapo inafanya kazi ya kilo 3 hivi. Kwa hiyo mwenye Altezza asimwige mwenye Subaru namba za springi hata kama wanakunywa chai meza moja.

Hatua ya 5: Chagua njia yako

Njia ya kwanza ni shokapu mpya za kiwango cha kiwandani, mfano KYB Excel-G, pamoja na mauntingi, stopa na buti za vumbi mpya. Kwa gari lililochoka hii peke yake ni mabadiliko makubwa, na kuna watu ambao safari yao inapaswa kuishia hapa.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe: shokapu za spoti juu ya springi za kiwandani. Bilstein B6 imetengenezwa kwa ajili hiyo hasa, kwa springi za kimo cha kawaida. Ndugu yake B8 ni fupi, kwa magari yaliyoshushwa, hivyo usikubali kuuziwa moja badala ya nyingine. KYB wana New SR Special kwa magari mengi ya Kijapani. Shokapu za njano za kampuni ya Koni zinakuruhusu kurekebisha ugumu upande wa kurudi, yaani pale springi inapojinyoosha baada ya kubonyea. Gari linabaki na kimo chake na nafasi yake yote, lakini linaacha kuyumba, linatulia mara moja baada ya tuta, na kwenye kona za Mlima Nyoka linakaa pale ulipolielekeza.

Njia ya tatu ni seti ya springi na shokapu zilizopangwa pamoja na mtengenezaji, zinazoshusha kidogo. Ukitaka kushusha, milimita 15 hadi 20 zinatosha kwa macho na bado unaishi. Zaidi ya hapo kwa Subaru unaingia kwenye tatizo lingine: amu za chini zikishapita usawa na kuanza kuelekea juu upande wa tairi, kitovu ambacho bodi inainama kukizunguka kinashuka haraka kuliko gari lenyewe. Gari limekaa chini, lakini linataka kuinama zaidi kwenye kona. Usukani nao unaanza kujivuta tairi likipanda tuta.

Njia ya nne ni koilova, zile zenye nyuzi za kupandisha na kushusha. Hapa uliza swali moja kabla ya bei: kimo kinarekebishwaje? Aina ya bei ya chini kabisa inashusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi, na kila unaposhusha unakula nafasi ya shokapu. Aina nyingine, kama Tein Flex Z na BC Racing BR, inarekebisha kimo kwa kuzungusha mguu wa chini, hivyo shokapu inabaki na nafasi yake hata ukibadilisha kimo. Kama ni koilova, iwe hii ya pili, na uiweke kwenye kimo cha kiwandani au pungufu kidogo.

Kuna suala la mrija. Shokapu ya mirija miwili ina ukuta wa nje na wa ndani. Jiwe likiugonga ule wa nje ukabonyea, pistoni iliyo ndani inaendelea kufanya kazi. Ya mrija mmoja inapoza mafuta vizuri zaidi na haichoki upesi kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, ambako shokapu inapiga kazi mfululizo bila kupumzika. Lakini jiwe likibonyeza ukuta wake, pistoni inakwama. Excel-G na Flex Z ni za mirija miwili. Bilstein B6 na BC BR ni za mrija mmoja. Anayekaa kwenye lami achukue yoyote. Anayekwenda Chunya na kuendelea mbele kwenye vumbi afikirie joto na mawe kwa pamoja; baadhi ya shokapu za mbele za mrija mmoja zimegeuzwa, mwili wenye mafuta umefichwa ndani ya ganda nene, na hizo zinavumilia zaidi. Baadhi ya STI za GDB zilitoka kiwandani na shokapu zilizogeuzwa namna hiyo. Zikigonga, usikimbilie kuzitupa, kwa sababu mara nyingine grisi ya ndani ndiyo iliyokauka.

Mambo mawili siyafanyii mjadala. La kwanza ni kukata springi. Ukikata mizunguko springi inakuwa ngumu na fupi kwa wakati mmoja, ncha yake haikai tena kwenye kikalio, na gari likiruka inaweza kuchomoka. La pili ni springi fupi juu ya shokapu za zamani za kiwandani, ambazo zitakufa mapema kwa kuishi karibu na stopa.

Spesa za kuinua gari, ambazo ni maarufu sana huku, nazo si za aina moja. Iliyo juu ya mauntingi inaisogeza seti nzima chini bila kugusa nafasi ya shokapu, ila ekseli na bolijointi zinakaa kwenye pembe kali tairi linaponing'inia. Iliyo kati ya springi na kikalio chake inaifanya rodi iishi ikiwa imetoka zaidi, kwa hiyo tairi halifiki chini ya shimo. Ukilazimika, chukua ya kwanza, nyembamba, isizidi milimita 20 hivi.

Hatua ya 6: Stabilaiza

Hiki ni kifaa kinachobadilisha tabia ya gari kwa fedha kidogo bila kugusa kimo. Ugumu wake unakua kwa kipenyo kikizidishwa mara nne kwa chenyewe: kutoka milimita 20 kwenda 22 unapata ongezeko la asilimia 46, japo kwa macho tofauti ni ndogo. Hiyo ni kwa vyuma vilivyojaa. Vingine vina uwazi ndani, kwa hiyo usilinganishe kipenyo tu.

Impreza na Forester kwa asili zinagoma kukata kona, pua inatoka nje. Stabilaiza nene kidogo nyuma inapunguza ugomvi huo. Kwenye Impreza za GD nunua na vishikizo imara, kwani vile vya kiwandani vya nyuma vinajulikana kuvunjika chini ya chuma kinene. Kwa Altezza, Mark X na Crown, ambazo nguvu inaenda nyuma, usianzie nyuma. Ukiikaza nyuma, tairi la ndani linapoteza uzito unapotoka kwenye kona, na kwa mvua za Rungwe mkia utakutangulia. Anza na ya mbele, au acha kama ilivyo.

Kinene kupita kiasi kina gharama nyingine. Kinaunganisha tairi la kushoto na la kulia, kwa hiyo shimo la upande mmoja linatikisa pande zote mbili, na kwenye kingo za lami zilizoliwa utachoka kichwa.

Hatua ya 7: Bushi na mauntingi

Bushi za poliyurethani zinafanya usukani uitike haraka, lakini zinahitaji grisi yake maalumu, na zikikauka zinalia. Kwa gari la kila siku ningeziweka kwenye stabilaiza na labda amu za mbele. Kwingine raba mpya orijino inatosha. Mauntingi za chuma zenye bolijointi juu ya shokapu ni nzuri siku ya kwanza, halafu vumbi la Julai hadi Oktoba linaingia na zinaanza kugonga. Baadhi ya koilova zinakuja nazo, hivyo uliza kama zipo za raba. Kile chuma cha kuunganisha vichwa vya shokapu ndani ya boneti kinapendeza, na kinaweza kusubiri miaka.

Hatua ya 8: Kununua bila kuibiwa

Nenda dukani na namba ya chasisi: GDA, GDB, GRB, SG5, SXE10, GRX120, GRX130. "Shokapu za Impreza" halijitoshelezi, kwa sababu Impreza za kuanzia 2007 zilibadilishwa mfumo wa nyuma kabisa, na za GDB hazifungi nyuma ya GRB. Nakili namba ya kifaa kutoka kwenye katalogi ya mtengenezaji, kisha ilinganishe na iliyo kwenye shokapu yenyewe. Boksi si ushahidi.

Feki inajulikana kwa uzito mdogo, maandishi yanayofutika kwa kucha, weldi zilizojaa matone, na rodi yenye mng'ao wa mawimbimawimbi. Muuzaji anayekataa usifungue boksi ameshakujibu. Mzigo ukitoka Kariakoo kwa basi, omba picha za namba zilizogongwa kwenye chuma kabla ya kutuma fedha.

Koilova za mtumba za Japani zinaweza kuwa neema au hasara. Hakikisha pete zinazunguka kwenye nyuzi, kwa kuwa zilizotoka kwenye maeneo ya theluji huwa zimeganda kwa kutu. Pitisha kucha kwenye rodi: ikikwaruza popote, sili itavuja. Ya mrija mmoja isiyo na springi, ukiikandamiza kwa mikono, inapaswa kurudi yenyewe taratibu na kwa usawa. Ikibaki chini, gesi imetoka. Kubonyea kwa ghafla bila ukinzani mahali fulani ni dalili ya mafuta kupungua.

Usinunue moja. Shokapu hubadilishwa mbili za ekseli moja, hata kama moja bado inaonekana nzima. Na kwenye bajeti, tenga mapema fedha ya mauntingi, stopa, buti za vumbi, nati mpya za juu na alaimenti, usije ukafunga shokapu za Ujerumani juu ya raba za mwaka 2003.

Hatua ya 9: Kufunga

Fundi mzuri anatosha, lakini simama pale. Kabla ya kufungua bolti za shokapu ya mbele, weka alama kwenye bolti ya juu, maana kwenye Subaru ndiyo inayopanga kemba, yaani mwinamo wa tairi kuelekea ndani au nje kwa juu. Waya wa ABS na bomba la breki vifunguliwe kwenye vishikizo vyake kwanza. Kalipa isining'inie kwa bomba. Springi ibanwe kwa vibanio viwili vizima vinavyotazamana, na mtu asiweke uso juu yake. Springi iliyobanwa ikiponyoka inaua.

Rodi isishikwe kwa plaizi. Mkwaruzo mmoja utaipasua sili ndani ya wiki chache. Ina tundu au kingo maalumu za kushikia juu. Stopa zisikatwe bila maelekezo ya mtengenezaji.

Sasa jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza: bolti zinazopita kwenye bushi za raba zisikazwe kabisa gari likiwa limening'inia. Raba ya aina hiyo inapinda, haizunguki. Ukiikaza tairi likiwa linaning'inia, gari likishushwa inaishi ikiwa imesokotwa na kuchanika baada ya muda mfupi. Weka bolti, shusha gari juu ya matairi yake au inua amu kwa jeki hadi kimo ulichopima kwenye hatua ya 2, ndipo ukaze kwa spana ya toki kwa namba za kitabu cha gari.

Hatua ya 10: Alaimenti

Endesha siku chache springi zikae, kisha nenda. Upepo uwe sahihi, tangi liwe nusu, na mtu mwenye uzito kama wako akae kwenye kiti cha dereva. Kwa gari la barabarani mbele ningeomba kemba ya nyuzi hasi 1 hadi 1.5, kushoto na kulia sawa, na tou, yaani tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele, iwe sifuri. Nyuma, kemba karibu na ya kiwandani na tou ya kuingia ndani kidogo, gari litulie kwenye mwendo mkubwa wa Makambako. Kemba kubwa zaidi inakata kona vizuri na kumaliza upande wa ndani wa matairi. Uchaguzi ni wa mfuko wako. Omba karatasi ya kabla na baada. Kama fundi anarekebisha tou ya mbele peke yake bila kusoma nyuma, tafuta mwingine.

Kimo kikibadilika, taa za mbele nazo zirekebishwe. Kwenye ukungu wa usiku utaona tofauti, na anayekuja mbele yako ataiona zaidi.

Hatua ya 11: Kurekebisha kwa barabara

Kama shokapu zina kitufe cha ugumu kinachozungushwa kwa mibonyezo, yaani hatua zinazosikika moja moja, anza katikati. Chagua kipande kimoja cha barabara unachokijua, chenye tuta, rasta na kona, ukipite kwa mwendo uleule ulioruhusiwa. TANZAM ina malori, bodaboda na watoto wa shule. Hakuna jaribio linalohitaji kuvuka 50 kijijini.

Baada ya tuta gari likiendelea kupanda na kushuka, ongeza ugumu wa kurudi. Likipita rasta za kwanza vizuri, halafu likazidi kuwa gumu kadiri rasta zinavyoendelea, ugumu wa kurudi umezidi: springi haipati muda wa kujinyoosha kati ya rasta na rasta, gari linajivuta chini hadi likose nafasi. Punguza. Likikupiga kiunoni kwenye kila ukingo mkali hata mwendo ukiwa mdogo, tatizo ni upande wa kubonyea. Shokapu zenye kitufe kimoja hurekebisha pande zote mbili kwa uwiano alioupanga mtengenezaji, hivyo tafuta sehemu ya kati inayokubalika. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, mibonyezo miwili miwili, mbele au nyuma, si vyote kwa mpigo. Andika.

Rudisha ile kamba ya plastiki kwenye rodi, kwa zile zisizogeuzwa. Kama inafika kwenye stopa kila siku, pandisha kimo au weka springi ngumu kidogo, hata kama macho yako yanakataa.

Baada ya kilomita 500 hivi kaza tena bolti zote na upime kimo kona zote nne. Kona moja ikiwa imeshuka peke yake, angalia springi imekaa vipi. Mvua za masika zikiisha, osha tope kwenye nyuzi za koilova, zipulizie dawa ya kuzuia kutu na uzizungushe pete kidogo, la sivyo msimu ujao utazikuta zimeshikana. Mjulishe wa bima kwamba umebadilisha mfumo huu, na uweke risiti. Springi na mauntingi nzima za kiwandani zifungie kwenye gunia nyumbani, usimwachie gereji. Siku ya kuuza, mnunuzi wa Mbeya mwenye familia atauliza zilipo.